Sentimita Tisa

Kyela watu wanainua magari. Mvua zetu hazina adabu, maji hukaa barabarani siku tatu bila kuulizwa, na mtu akinunua gari dogo kitu cha kwanza anachonijia nacho karakanani kwangu Bondeni ni kwamba nilipandishe. Nimeweka vipande vya chuma chini ya springi nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa hiyo siku niliyomwambia fundi wa kukereza vyuma kwamba nataka kushusha gari, tena kwa kuitengeneza upya miguu ya mbele, aliiacha mashine yake ikizunguka akanitazama kama mtu aliyelogwa. Akauliza ni la kijana gani. Nikamwambia ni la dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Akazima mashine.

Dada yangu hatembei. Miaka minne iliyopita pikipiki aliyopanda ilimwangusha akitoka shuleni, na mgongo ukaumia mahali ambapo madaktari hawakuweza kupafanyia kitu. Mikono yake ilibaki, tena ikazidi nguvu. Baada ya mwaka mmoja alirudi darasani akiwa kwenye kitimwendo. Mwaka uliofuata akasema anataka kuendesha, nami nikamtengenezea chuma cha kukanyagia breki na mafuta kwa mkono wa kushoto, kwenye gari dogo la otomatiki walilonunua na mumewe. Kuendesha aliweza ndani ya wiki moja. Tatizo likawa kupanda.

Kiti chake cha magurudumu kina urefu wa sentimita hamsini na mbili kutoka chini. Kiti cha dereva kilikuwa na sitini na moja. Ukiwa na miguu, tofauti hiyo huioni. Ukiwa na mikono tu, ukitakiwa kuunyanyua mwili wako wote, kuuvusha juu ya nafasi iliyo wazi na kuutua mahali palipo juu zaidi, hizo sentimita tisa ni ukuta. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili alianguka katikati, gauni likiwa limepanda na uso umegusa vumbi. Baada ya hapo alikubali kubebwa na mumewe kila asubuhi, na jioni kupandishwa na walimu wenzake shuleni. Alikubali kwa shingo upande.

Mwaka huu mumewe alihamishiwa kazini mkoa mwingine. Jumapili moja ya mwezi wa tano ndiyo ilikuwa siku yake ya kuondoka, na Jumatatu yake dada angeamka bila wa kumpandisha. Majirani wanawake wangesaidia, ila mwezi huo ni wa kuvuna mpunga, na wakati wa mavuno wanawake wa Ikolo, kijiji alikoolewa dada, huwa mashambani kabla jua halijatoka. Binti wa kazi alikuwa mwembamba, asingeweza hata kumtikisa. Mtu mwenye nguvu aliyebaki pale nyumbani ni mmoja tu, naye alikuwa baba mkwe wake.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Mmoja akihisi mwenzake yuko karibu anakohoa, ili mwingine ajue apite wapi. Si chuki, ni heshima, na ni heshima nzito. Siku hizi nyumba nyingi zimeilegeza, wachungaji wameisemea madhabahuni, na vijana wa mjini wanaisimulia kama kichekesho. Nyumba ile ya Ikolo haikuilegeza. Dada yangu ameolewa pale miaka kumi na minane na hajawahi kumtazama yule mzee usoni. Mimi ninayejifanya mtu wa kisasa nisingethubutu kumwambia aanze.

Mwezi mmoja kabla ya uhamisho, shemeji alisafiri siku mbili kwenda kutafuta nyumba huko aendako. Asubuhi ya kwanza mvua ilimkuta dada uani, kando ya gari. Gurudumu la kitimwendo lilizama kwenye tope, binti akashindwa kukisukuma, akakimbia kutafuta watu. Baba mkwe alikuwa barazani, hatua kumi tu kutoka pale. Dada alinisimulia baadaye kwa sauti kavu kabisa, kama anasoma mahudhurio ya wanafunzi, kwamba alimsikia mzee akikohoa. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Ilipita kama nusu saa ndipo wanawake wawili walipofika, na muda wote huo mvua ilimnyeshea yule aliyekuwa uani, na yule aliyekuwa barazani akamgeuzia mgongo.

Niliposikia habari hiyo nilipandwa na hasira, na hasira yenyewe ikakosa mtu wa kumwangukia. Siwezi kumkasirikia mzee kwa kuwa na heshima. Siwezi kuikasirikia mvua. Basi nikalikasirikia gari, na hasira ya kukasirikia chuma mimi naijua, ndiyo inayonilisha. Nikamwambia dada kwamba kabla mumewe hajaondoka atakuwa anapanda gari lake mwenyewe bila kuguswa na mtu. Nilisema hivyo nikijipiga kifua, na yeye akaniambia tu kwamba amesikia.

Nilianza kwa kwenda Ikolo na futi yangu. Nilipima uani palepale, gari likiwa tupu, juu ya ardhi ngumu karibu na mlango, maana ndipo kazi yenyewe ingefanyika kila siku. Mzee alitoka nyuma ya migomba akaja kusimama karibu yangu, kwa kuwa dada alikuwa ndani. Ana miaka sabini na ushei lakini bado anabeba mkungu wa ndizi begani bila kuhema. Aliniuliza kwa Kinyakyusa chake cha polepole nitalishusha kiasi gani. Nikamwambia sentimita tisa. Hakuzielewa, akataka nimwonyeshe, nikamwonyesha kwa vidole kwenye mlango wa gari. Akaweka na yeye vidole vyake palepale.

"Zikipatikana hizo, hatanihitaji?"

"Hatakuhitaji, baba."

Aliondoa vidole vyake mlangoni. Halafu akasema, bila kunitazama, "Nilimwona akinyeshewa. Nguvu za kumbeba ninazo."

Nilikunja futi nikaiweka mfukoni. Nikarudi Bondeni.

Sentimita tatu nilizipata kwenye kiti chenyewe, kwa kupunguza sponji na kukata reli zake. Sita zilizobaki ilibidi zitoke kwenye miguu ya gari. Nyuma hakukuwa na shida. Mbele ndiko kwenye kazi, kwa sababu mguu wa mbele wa gari kama lile ni kitu kimoja kinachofanya kazi tatu. Ni bomba la chuma lenye shokapu ndani yake. Kwa nje limezungukwa na springi iliyokalia kikombe kilichochomelewa kwenye bomba, na chini limefungwa kwa boliti mbili kwenye chuma kinachobeba tairi. Bomba hilo likivunjika ukiwa kwenye mwendo, tairi linalala na usukani unakuwa pambo.

Vijana wanaotaka gari lilale chini wanakata springi kwa grenda, mizunguko miwili, kazi ya dakika kumi. Springi iliyokatwa, tairi likitumbukia kwenye shimo, inalegea na kuruka kwenye kikombe chake, na siku isiporudi mahali pake ndipo unapoitwa kwenda kuangalia gari mtaroni. Kwa dada yangu nisingefanya upuuzi huo. Niliamua kukata bomba lenyewe na kulifupisha. Ndani yake ningeingiza bomba jingine jembamba, lililokerezwa likabana kabisa, ili kuchomelea kusitegemee ukingo peke yake. Kikombe cha springi ningekishusha, na shokapu ningeweka fupi, ya gari dogo zaidi.

Dada na mumewe walikuja karakanani Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya safari, ili nipime nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na bati lililo juu yake. Nafasi hiyo ndiyo ingeniambia tairi lina uhuru wa kupanda kiasi gani gari likishuka. Dada hakutoka garini. Tuliongea dirishani, akinisahihisha namna ninavyoandika namba saba, kama alivyokuwa akinisahihisha tangu niko darasa la kwanza. Nilipata sentimita kumi na tatu, kulia na kushoto. Nikiondoa sita zinabaki saba, na saba zinatosha hata kwa matuta yetu. Nikaziandika ukutani kwa chaki.

Shemeji aliniletea gari Jumatano ya wiki ya mwisho. Alhamisi fundi wa kerezo alinikerezea mabomba ya ndani, akiwa bado ananicheka kwamba mji mzima unapanda na mimi peke yangu nashuka. Alhamisi hiyohiyo nilikata na kuchomelea. Bomba la namna hii hulizungushii moto kwa mkupuo, litapinda. Unachomelea kipande kidogo, unahamia upande wa pili, unarudi, unangoja. Nikimaliza ninalifukia kwenye majivu ya moto ya pumba za mpunga, ambazo kwenye mashine za kukoboa hapa zimejaa milima kwa milima, ili lipoe polepole mpaka kesho yake. Chuma kinachopozwa haraka kinakuwa kigumu na chepesi kukatika. Hilo sikufundishwa na kitabu, nilifundishwa na bawaba za mageti zilizowahi kunirudia zimevunjika.

Ijumaa mchana gari lilisimama chini, na lilikuwa zuri. Nilipima kiti cha dereva, hamsini na mbili kasoro unywele. Nilicheka peke yangu. Kisha nikalitoa barabarani kulijaribu.

Tuta la kwanza lilikuwa karibu na mashine ya kukoboa, nikalipanda kwa mwendo ambao dada angelipanda. Nikasikia mshindo wa chuma kugonga chuma, halafu mkwaruzo mrefu wa mpira kwenye bati, na usukani ukanivuta kushoto mpaka nikaukamata kwa mikono miwili. Nilisimama kando. Dada anashika usukani kwa mkono mmoja. Ule wa kushoto uko kwenye breki.

Nililirudisha gari kwa mwendo wa konokono, nikalinyanyua kwa jeki, nikatoa matairi. Kwa macho sikuona kitu. Nikapaka mafuta ya taa mahali nilipochomelea, nikafuta mpaka pakakauka, nikapakaza unga wa chaki. Mafuta yakiwa yameingia kwenye ufa, yanatoka tena na kuulowesha unga. Nilichuchumaa kusubiri. Upande wa kulia chaki ilibaki nyeupe. Upande wa kushoto ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama uzi, umezunguka robo nzima ya bomba.

Nilirusha spana ukutani. Nilijitukana, nikakitukana chuma, nikamtukana na aliyeleta matuta Kyela. Kisha nikakaa chini nikapiga hesabu upya. Kumi na tatu kutoa sita ni saba, hata mtoto anajua. Nikapima nafasi iliyokuwepo sasa juu ya tairi, gari likiwa limesimama tupu. Haikuwa saba, ilikuwa nne na nusu. Springi zilikuwa zilezile, vikombe vilikuwa palepale nilipovipanga, na sentimita mbili na nusu zilikuwa zimeyeyuka. Nilipima mara tano mpaka giza likaanza kuingia, nikaenda nyumbani.

Jumamosi niliamka nikiwa sina jibu. Sijui kama wasiokuwa mafundi wanaielewa hofu hiyo. Kitu kilichovunjika unakitengeneza, lakini kipimo kinachokataa bila sababu kinakufanya usiamini hata mikono yako, na keshokutwa ilikuwa Jumatatu. Mke wangu aliniwekea chakula mapema, sikukigusa. Akaniuliza ni kwa nini nakisusa chakula wakati mchele wenyewe ni ule wa dada, mtamu namna ile, na gunia hata nusu halijafika.

Nikamuuliza gunia gani.

Alisema ni gunia la mchele alilolileta dada Jumamosi ile waliyokuja kupima, pamoja na mikungu mitatu ya ndizi na chungu kikubwa cha wafinyanzi wa Ikombe kilichofungwa kwenye nyasi kisivunjike. Nikamuuliza vilishushwa saa ngapi. Akanitazama kama nimeuliza jua huchomoza wapi. Vilishushwa wakati wanaaga, vitashushwa lini tena?

Ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni akija na kitu hakitangazwi, na mwenyeji hachungulii. Kinakaa kilipo mpaka mgeni ainuke kuondoka, ndipo mama wa nyumba anakipokea, huku baba wa nyumba akijifanya anaangalia mambo mengine. Mimi nilijifanya vizuri mno. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gari lenye zaidi ya kilo mia na hamsini kwenye buti, makalio yameshuka na pua imeinuka, nikapima pua iliyoinuka na kuiandika ukutani kama kweli.

Nilibeba gunia begani mpaka karakanani. Gari lilikuwa limesimama juu ya miguu ileile mibovu. Nikaliweka gunia kwenye buti, na kwa kuwa ndizi zilikwisha kuliwa, nikamwomba mke wangu aingie naye akae mahali pa ndizi. Aliingia bila kubishana, kitu ambacho si kawaida yake. Nikapima mbele. Juu ya tairi kulikuwa na sentimita saba.

Nilimpigia dada simu hapohapo, na nilikosea, maana hasira ilikuwa bado inachemka. Sikumwamkia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kuna mzigo nyuma.

"Ulitaka nianze kwa kutangaza nilichokuletea?"

"Ndiyo. Nilikuwa napima."

"Na wewe ulikatazwa kutazama na nani?"

Nikamweleza ufa. Nikamweleza kuhusu tuta, na usukani ulivyovuta. Nikamwambia, na hapo sauti ilikuwa imeshanishuka, kwamba pengine tungoje wiki mbili, nimtafutie mtu wa kumpandisha.

"Jumatatu nitakuwa uani saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Uwe umemaliza au hujamaliza, nitakuwa uani."

Nilijua maana yake. Angekaa pale, kwenye mvua au kwenye jua, na yule mzee angekuwa barazani.

Mchana ule niliupata muundo mpya, na niliupata kwa kuacha kubishana na gari. Nafasi juu ya tairi ilikuwa haitoshi, basi tairi lipungue. Matairi mafupi zaidi yangelishusha gari sentimita mbili bila kula nafasi hiyo, na bomba ningelifupisha nne badala ya sita. Mabomba mengine nilitoa kwenye miguu ya mtumba niliyonunua mpakani Kasumulu siku za nyuma, na fundi wa kerezo akanikerezea ya ndani upya. Matairi niliyatafuta mji mzima, nikayapata manne yanayofanana kwa mtu mmoja aliyeyaweka juu ya paa la banda kuzuia mabati yasipeperuke. Niliyakagua moja moja, nje na ndani, mpaka mwenyewe akauliza kama nimekuja kununua au kuoa. Jioni nilichomelea. Kipande, upande wa pili, kurudi, kungoja. Niliyafukia mabomba kwenye majivu nikaenda kulala bila kupata usingizi.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikuwa nasikia kwaya kutoka karakanani, na kila grenda ilipopiga kelele niliona kama kanisa zima linageuka kunitazama. Fundi wa kerezo alikuja baada ya ibada akiwa ndani ya suti, akaniuliza kama bomba la ndani limebana. Nikamwambia limebana. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akaniambia shika jeki. Siku hiyo hakunicheka.

Shemeji alipita saa saba akielekea stendi na begi lake. Alilikuta gari liko juu ya mawe, halina matairi, na mimi nimelala chini yake. Aliuliza kama litakuwa tayari. Nikasema ndiyo, kwa sauti ambayo hata mimi sikuiamini. Alibaki amesimama, viatu vyake vya safari vikiwa karibu na kichwa changu, halafu akasema basi halimngoji mtu, akaenda.

Saa kumi gari lilikuwa chini. Kiti, hamsini na mbili. Nafasi juu ya tairi, nane na nusu, nikiwa nimechungulia buti kwanza, nikachungulia hata chini ya zulia lake. Mke wangu, ambaye uzito wake unakaribia wa dada, alikaa mahali pake, mimi nikaendesha kwa kile chuma cha mkono nikiwa nimejipinda kando yake kama mwizi, na tukalipanda tuta lile mara moja, mara tatu, mara kumi. Gari lilikuwa linashuka na kuinuka bila neno. Nikarudi, nikatoa matairi, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikapakaza chaki. Niliangalia mpaka macho yakauma. Chaki ilibaki nyeupe pande zote mbili.

Hata hivyo sikutulia. Kuchomelea kuna mambo ambayo chaki haiyaoni, na mimi niliyeamini Ijumaa kwamba bomba ni zima nilikuwa bado mtu yuleyule. Jioni nililipeleka gari Ikolo, nikalala huko.

Asubuhi hakukuwa na mvua. Saa kumi na mbili na nusu dada alitoka, binti akisukuma, amevaa gauni la buluu la kazini. Hakunisalimia kwa maneno, aliinua nyusi tu. Barazani hakukuwa na mtu. Mzee alikuwa ameondoka mapema akaenda kusimama mbali, barabarani, upande usioelekea shuleni, ambako asingeona kitu. Dada alikisogeza kitimwendo mpaka kikagusa mlango, akafunga breki zake, akaweka ngumi moja kwenye kiti cha gari na nyingine pale alipokaa. Nilijikuta nimepiga hatua mbele. Akasema, "Kaa hapo ulipo." Akajinyanyua, akavuka, akatua. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuuandika. Kisha akaikamata miguu yake kwa mikono, akaingiza mmoja, akaingiza wa pili, akavuta mlango.

Alikaa ameshika usukani, hawashi gari. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nililia waziwazi, sioni sababu ya kuficha. Binti alikunja kitimwendo akakiingiza nyuma, akaenda zake jikoni kwa adabu.

Dada alipoondoka niliwasha pikipiki ambayo shemeji aliiacha pale nyumbani, nikamfuata. Niliacha nafasi kidogo, nikazima hata mawazo, nikawa nasikiliza. Kila shimo nilisikiliza mguu wa kushoto. Kwenye kalavati la kwanza gari lilizama, likapanda, na moyo wangu ukafanya vivyo hivyo. Baada ya kalavati la pili taa nyekundu ziliwaka, akasimama katikati ya barabara. Nilikimbilia dirishani nikiwa na hakika kwamba bomba limeondoka.

"Kuna nini? Umesikia nini?"

"Nimekusikia wewe," alisema. "Utanifuata mpaka lini?"

Nikamwambia leo tu. Akasema kesho nitasema leo tu. Nikamwambia chuma hicho nimekichomelea mimi, nakijua, nina haki ya kukiogopa. Alinitazama kwa yale macho yake ya darasani, lakini sauti ilikuwa ya upole.

"Ukikiogopa, kiogope ukiwa kwako. Mimi nimechoka kubebwa. Na nikifika sitakupigia simu."

Akapandisha kioo. Nilizima pikipiki. Gari lilikwenda, chini chini, likipita kati ya mashamba ya mpunga na wavunaji wakiinuka kulitazama, mpaka likapinda kwenye migomba. Nilibaki nasikiliza. Nilisikia tuta la shuleni, au nilidhani nimelisikia, kisha sikusikia kitu.

Nilirudi nikiisukuma pikipiki, sijui kwa nini sikuiwasha. Mzee alikuwa bado amesimama pale barabarani, mgongo kwenye nyumba. Aliniuliza kama amefika.

"Sijui, baba. Amenikataza kumfuata, na amesema hatapiga simu."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Akaniambia kwamba yeye miaka mitatu hii, tangu arudi kufundisha, kila asubuhi amekuwa akimsikia akitoka, na hakuna anayekwenda kumwambia kama amefika. Hana wa kumuuliza, wala njia ya kumuuliza mwenyewe. Anangoja tu mpaka jioni, asikie tena sauti pale uani.

"Utazoea," alisema.